Stima Ikipotea: Chenjiova, Jenereta na Mgao wa Mzigo Nyumbani

Maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa kwa wakazi, mafundi wa stima na wenye nyumba za kupangisha



Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipotea karibu kote nchini. Hata katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta abiria walijikuta wamesimama gizani kwa sababu jenereta iliyotegemewa ilikataa kuwaka. Mwaka huo haukwisha kabla ya giza la namna hiyo kurudi mara mbili zaidi, Novemba 11 na Desemba 10. Aliyekuwa akidhani jenereta ni kitu cha hoteli na hospitali alianza kuulizia bei, na leo si ajabu kupita mtaani stima ikiwa imepotea na kusikia mngurumo nyuma ya nyumba tatu au nne.

Jenereta yenyewe si tatizo. Tatizo ni namna inavyounganishwa na nyumba.

Kuna waya mmoja unaotengenezwa mitaani ambao hauuzwi na duka lolote linalojiheshimu. Una plagi ya miguu mitatu upande huu na plagi ya miguu mitatu upande ule. Mwenye nyumba huchomeka upande mmoja kwenye jenereta na wa pili kwenye soketi ya sebuleni, na nyumba nzima inawaka. Anayeuona mara ya kwanza husema fundi ana akili. Lakini plagi hiyo ikichomoka kwenye soketi jenereta ikiwa inanguruma, miguu yake iliyo wazi ina volti 240. Mtoto anayeiokota sakafuni hana nafasi ya kujifunza kutokana na kosa hilo.

Hatari nyingine iko nje ya nyumba, na mwenye jenereta haioni. Soketi ya sebuleni imeungana na bodi, bodi imeungana na mita, na mita imeungana na waya wa nguzo. Stima haina habari kwamba imenunuliwa kwa petroli ya fulani, hivyo inatoka nje kama ilivyoingia. Kwenye nguzo inamkuta mfanyakazi wa Kenya Power aliyepanda kurekebisha waya ambao anajua umezimwa. Volti 240 zinatosha kumuua au kumwangusha. Zikifika kwenye transfoma, mambo yanakuwa mabaya zaidi. Transfoma inayoshusha volti 11,000 hadi volti za nyumbani hufanya kazi pande zote mbili: ikilishwa volti 240 upande wa chini, inatoa maelfu ya volti upande wa juu.

Mafundi wengine hujibu kwamba jenereta ndogo hulemewa na mzigo wa majirani na kuzimika papo hapo, kwa hiyo hakuna la kuogopa. Ni kweli mara nyingi hulemewa. Lakini siku mti umeangukia waya na kuukata hatua chache kutoka nyumbani, jirani hayupo kwenye waya huo. Aliyepo ni yule aliyekuja kuuunga. Na stima ya Kenya Power ikirudi ghafla huku jenereta ingali imechomekwa, mawimbi ya umeme wa pande mbili hukutana bila kulingana, na jenereta inaweza kuungua pamoja na bodi ya nyumba.

Dawa ya haya yote ni kifaa kimoja kinachoitwa chenjiova. Ni swichi kubwa yenye nafasi tatu: I ni stima ya Kenya Power, 0 ni hakuna kitu, II ni jenereta. Imeundwa kwa chuma na plastiki kwa namna ambayo haiwezekani nafasi mbili kushika pamoja, hata mtu akiilazimisha kwa nguvu. Ya nyumba ya kawaida inapaswa kukata nyaya mbili kwa pamoja, laivu na nyutro. Ipo ya bei nafuu inayokata laivu peke yake. Hiyo iachwe dukani, kwa sababu nyutro iliyobaki imeungana nayo ni njia nyingine kuelekea nguzoni. Waya wa ardhi haukatwi kamwe. Unabaki umeungana wakati wote, stima itoke upande gani.

Chenjiova hufungwa baada ya mita, upande wa nyumba. Anayeifunga kabla ya mita amegusa mali ya Kenya Power na sheria itamuuliza. Ikiwa baada ya mita, tokeni haziliwi wakati jenereta inafanya kazi, jambo ambalo wakazi huuliza kila mara.

Wengi wakishafunga chenjiova hudhani kazi imekwisha. Hapo wamelinda mfanyakazi wa nguzoni, lakini hawajalinda jenereta wala friji. Nyumba iliyozoea kulishwa na Kenya Power haijui kula kidogo.

Chukua nyumba ya vyumba vitatu ambayo mtaani ziko nyingi. Ina taa 12 za wati 9, televisheni, ruta ya intaneti, simu zinazochajiwa, friji, pampu ya maji ya nguvu ya farasi moja, maikrowevu, pasi, na shawa ya maji moto bafuni. Mama wa nyumba anafuga kuku na ana mashine ya kuangulia vifaranga stoo. Nyanya anayeishi nao ana kisukari, na insulini yake iko kwenye friji. Jenereta waliyonunua ni ya 3.5 kVA, na kibandiko chake kinasema inaweza kubeba kilowati 2.8 bila kupumzika.

Hesabu yake si ngumu. Taa zote zikiwaka ni wati 108. Televisheni ni kama 80, ruta 12, chaja za simu 60, friji ikizunguka 150, mashine ya vifaranga 200. Jumla ni wati 610. Hadi hapo jenereta inapumua vizuri. Pampu ya farasi moja huvuta karibu wati 1,100, na jumla inafika 1,710. Bado kuna nafasi. Maikrowevu huvuta kama wati 1,200 ingawa kwenye tangazo imeandikwa 700, kwa sababu 700 ni joto linaloingia kwenye chakula na si stima inayotoka ukutani. Ikiwashwa pamoja na pampu, jumla inakuwa 2,910, na jenereta imeshapita uwezo wake. Shawa haina haja ya kuhesabiwa pamoja na chochote. Peke yake inakula wati 5,500, yaani ampea 23 hivi. Jenereta hii ina ampea 14 na nusu tu. Mtu mmoja akifungua maji moto bafuni, nyumba nzima inaingia gizani.

Kuna jambo ambalo hesabu ya wati haionyeshi. Kila kitu chenye mota kinapoanza kuzunguka huvuta stima nyingi kuliko kinavyovuta kikiwa kimeshika kasi. Pampu inayotumia ampea 5 au 6 inaweza kuvuta mara nne hadi sita ya hizo kwa muda mfupi wa kuanza. Friji nayo hivyo hivyo, kwa kiwango chake. Kenya Power haisikii kishindo hicho, lakini jenereta inakisikia: sauti yake inashuka, taa zinafifia, na volti zinaanguka. Mota isiyopata volti za kutosha haizunguki. Inakaa pale ikinguruma na kupata joto hadi nyaya zake za ndani zinaungua. Ndivyo friji nyingi zinavyoharibika wakati wa jenereta, halafu mwenyewe analaumu petroli.

Kwa hiyo nyumba inahitaji kuamua mapema nani anakula na nani anangoja. Uamuzi huo ukiachiwa kumbukumbu ya watu, siku moja utasahaulika. Ni afadhali ufungwe kwenye nyaya.

Njia bora, hasa kwa nyumba mpya au inayokarabatiwa, ni bodi mbili. Bodi kubwa inabaki kwa Kenya Power moja kwa moja. Humo zinakaa shawa, jiko la umeme, soketi za jikoni za birika na pasi. Kutoka bodi kubwa breka moja inalisha chenjiova, na chenjiova inalisha bodi ndogo ya vitu vya lazima: taa, friji, soketi za sebuleni, mashine ya vifaranga, na pampu ikiwa jenereta inaiweza. Stima ikipotea, shawa inakufa pamoja na Kenya Power na haina njia ya kuifikia jenereta. Hakuna wa kukumbuka wala wa kusahau. Fundi akipendekeza kitu chenye mitambo mingi zaidi ya hapo wakati bodi mbili zinawezekana, aulizwe kwa nini.

Mtego wa bodi mbili uko kwenye nyutro. Saketi inayohamishwa kwenda bodi ndogo lazima ihame na nyutro yake. Fundi mwenye haraka huhamisha laivu na kuacha nyutro kwenye bodi kubwa, kwa kuwa Kenya Power ikiwepo kila kitu kinawaka na mwenye nyumba analipa. Stima ikipotea na chenjiova ikageuzwa, saketi hiyo haiwaki kwa sababu stima ya jenereta haina njia ya kurudi, au inarudi kwa njia isiyotarajiwa. Nyumba za ghorofa zina ugonjwa wake: taa ya ngazini yenye swichi mbili, moja chini na moja juu, mara nyingi imechukua laivu kwenye saketi ya chini na kuazima nyutro ya juu. Saketi hizo mbili zikitenganishwa kwenye bodi tofauti, taa ya ngazini ndiyo itakayofichua siri. Fundi aipime kabla ya kufunga kifuniko.

Nyumba za zamani zenye bodi moja iliyojengewa ukutani haziwezi kugawanywa kwa urahisi. Hapo kuna njia ya pili, ambayo mafundi wanapaswa kuielewa vizuri kwa sababu hukosewa mara nyingi. Chenjiova inabeba nyumba nzima, lakini saketi ya shawa inapitishwa kwenye kontakta, yaani swichi inayoshikwa na sumaku ya umeme. Sumaku ikipata stima, kontakta inashika na shawa inafanya kazi. Sumaku ikikosa stima, kontakta inaachia.

Swali ni sumaku ilishwe kutoka wapi. Jibu la haraka ni upande wa Kenya Power, kabla ya chenjiova, ili Kenya Power ikipotea kontakta iachie. Jibu hilo ni sahihi hadi Kenya Power inaporudi. Ikirudi saa nane usiku huku jenereta bado inalisha nyumba, sumaku inapata stima, kontakta inashika, na shawa imeunganishwa na jenereta bila mtu kujua. Asubuhi wa kwanza kuoga anaizima nyumba. Zaidi ya hapo, kwenye boksi lile kuna waya wenye stima ya Kenya Power hata baada ya jenereta kuzimwa, na fundi atakayelifungua akidhani liko salama anaweza kupata mshtuko.

Namna iliyo salama zaidi ni kuongeza relei ndogo. Sumaku ya relei inalishwa na jenereta. Relei yenyewe iwe ya aina ambayo mguso wake umefungika wakati haina stima na unafunguka ikipata stima. Mguso huo unapitisha waya unaolisha sumaku ya kontakta, na waya huo unatoka kwenye bodi ya nyumba yenyewe. Jenereta ikiwa imelala, mguso umefungika, kontakta inashika, shawa inafanya kazi kama kawaida. Jenereta ikiwashwa tu, relei inafungua mguso, kontakta inaachia, na haijalishi Kenya Power imerudi au haijarudi: maadamu jenereta inanguruma, shawa haipo. Chenjiova nyingine huja na mguso wa ziada unaojua iko nafasi gani, na huo unaweza kufanya kazi hiyo hiyo. Boksi la relei libandikwe onyo kwamba ndani kuna stima kutoka sehemu mbili.

Kwa wasiotaka kontakta wala relei, ipo njia ya tatu ya bei ndogo inayodharauliwa bila sababu. Swichi ya kawaida ya njia mbili, yenye ampea za kutosha, inafungwa ili upande mmoja ulishe pampu na upande mwingine ulishe soketi ya maikrowevu. Haiwezekani vyote viwili viwe na stima kwa wakati mmoja. Mwenye kupika anageuza huku, mwenye kujaza tangi anageuza kule. Haina akili yoyote, na ndiyo uzuri wake.

Kugawa mzigo si lazima kuwe kwa nyaya peke yake. Saa nayo ni kifaa. Friji iliyofungwa mlango hukaa na baridi kwa muda wa saa nne hivi. Haina haja ya jenereta kuzunguka usiku kucha kwa ajili yake. Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na kipimajoto kidogo ndani ya friji kinaweza kumwambia nyanya kama bado kuna usalama bila kubahatisha. Mashine ya kuangulia ndiyo isiyosubiri. Mayai yanataka nyuzi 37 na nusu hivi, na yakipoa kwa saa nyingi wiki ya mwisho mama wa nyumba anapoteza vifaranga wa mauzo ya mwezi mzima. Kwa hiyo katika nyumba hii mashine ya vifaranga ndiyo ya kwanza, friji inafuata kwa vipindi, pampu inapata nusu saa yake wakati friji imezimwa, na pasi ingoje Kenya Power.

Kwa wenye nyumba za kupangisha hesabu ni nyingine. Jenereta ya 10 kVA ya fezi moja ina ampea kama 41. Ploti ya nyumba 8 ikigawiwa breka ya ampea 5 kwa kila nyumba, jumla ni 40. Kila mpangaji anapata kama wati 1,200, zinazotosha taa, televisheni na friji. Anayewasha pasi pamoja na birika anajikatia mwenyewe bila kuwaangusha wengine, na ugomvi wa nani alizima jenereta unakwisha. Kila nyumba iwe na chenjiova yake baada ya mita yake. Hata hivyo friji 8 zikianza kwa pamoja dakika jenereta inapowaka, ampea 40 za kwenye karatasi hazitoshi. Mlinzi anaweza kuwasha breka za nyumba moja baada ya nyingine kwa kuachana nusu dakika, au fundi afunge relei za kuchelewesha zifanye hivyo zenyewe.

Waya kutoka jenereta hadi chenjiova usichaguliwe kwa bei. Kwa jenereta ya 3.5 kVA iliyo mita 20 kutoka kwenye bodi, waya wa shaba wa milimita mraba 2.5 hupoteza volti 5 hivi mzigo ukijaa, jambo linalovumilika. Ikiwa mita 50, zinapotea kama 13, na pampu ambayo tayari inasumbuka kuanza haitaanza. Hapo wa milimita mraba 4 unastahili gharama yake. Nyumbani jenereta iungwe kupitia soketi maalumu ya ukutani ambayo miguu imefichwa ndani yake, ili upande wa waya wenye stima uwe na matundu wala si miguu. Na pale kwenye bodi kuwe na breka ya ampea 16 kwa jenereta ya ukubwa huo, hata kama jenereta ina yake.

Waya wa ardhi unahitaji muda kidogo. Stima ya Kenya Power inakuja na nyutro ambayo imeshaunganishwa na ardhi. Ndiyo maana laivu ikigusa mwili wa friji, stima nyingi inakimbilia ardhini na breka inaruka. Jenereta nyingi ndogo hazina muungano huo kati ya nyutro na mwili wake. Chenjiova ikikata laivu na nyutro kama inavyotakiwa, nyumba inabaki na jenereta ambayo nyutro yake inaelea. Laivu ikigusa mwili wa friji, hakuna kitu kinachoruka. Friji inaendelea kufanya kazi ikiwa na stima mwilini, kimya kimya. Breka ya kulinda mtu, ile mafundi wanayoiita RCD, nayo inaweza kukosa njia ya kugundua kosa.

Kinachotakiwa ni nyutro ya jenereta kuunganishwa na waya wa ardhi mahali pamoja tu, upande wa jenereta kabla ya RCD, na mwili wa jenereta kuunganishwa na ardhi ya nyumba. Mahali pamoja, si pawili. Jenereta nyingine zina muungano huo tayari kiwandani, kwa hiyo fundi hupima kwanza kwa mita kabla ya kuongeza wake. Uthibitisho ni mmoja: jenereta ikiwa inanguruma na chenjiova ikiwa nafasi ya II, fundi aibonyeze RCD kwa kipimo chake, si kwa kitufe chake peke yake, nayo iruke. Fundi asiye na kipimo hicho hajamaliza kazi.

Hapo ndipo linakuja suala la nani afanye kazi. Mafundi wa stima nchini hupewa leseni na EPRA, na leseni zina madaraja yanayoonyesha kila mmoja anaruhusiwa kugusa nini. Mwenye nyumba ana haki ya kuomba kuiona leseni kabla ya malipo ya kwanza, na fundi mzuri haoni haya kuionyesha. Kazi ikikamilika atoe cheti pamoja na mchoro, hata kama ni wa kalamu, unaoonyesha saketi zipi ziko kwenye bodi ipi. Mchoro huo utamfaa fundi mwingine atakayekuja baada ya miaka mitano na kukuta nyekundu na nyeusi za nyaya za zamani zimeunganishwa na kahawia na buluu za nyaya mpya. Nyumba yenye fezi tatu inahitaji fundi mwenye daraja linalofaa, na isilishwe kwa jenereta ya fezi moja kwa kuziunganisha fezi zote pamoja ati ndiyo mkato. Mota za fezi tatu zitaungua, na nyutro ya pamoja inaweza kubeba mzigo ambao haikuundwa kuubeba.

Moshi hauhusiani na nyaya lakini unaua watu wengi ambao nyaya zao zilikuwa safi kabisa. Jenereta ya petroli hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Mtu huanza kuumwa na kichwa na kusikia usingizi, halafu analala. Jenereta isiwekwe jikoni, kwenye gereji, kwenye korido wala kwenye veranda iliyofungwa kwa hofu ya wezi. Iwe nje, angalau mita 6 kutoka dirishani, moshi ukielekea mbali na nyumba. Wezi wazuiwe kwa mnyororo na kibanda chenye nyavu pande zote, si kwa kuta. Petroli isiongezwe injini ikiwa moto.

Mpangilio wa siku yenyewe ni mfupi. Stima ikipotea, breka za bodi ndogo zinazimwa zote na chenjiova inawekwa 0. Jenereta inawashwa nje na kuachwa dakika mbili au tatu ishike mwendo wake. Chenjiova inageuzwa II, kisha breka zinawashwa moja moja, zenye mota kwanza na taa mwishoni, kwa sababu mota ikianza peke yake jenereta inaimudu. Fundi awe ameweka taa ndogo ya ishara upande wa Kenya Power wa chenjiova. Bila taa hiyo familia huendelea kuchoma petroli, yapata lita moja kwa saa, huku mtaa mzima una stima. Taa ikiwaka, isiaminiwe mara moja. Stima ya kurudi mara nyingi hurudi na kupotea tena. Baada ya dakika 10 za utulivu breka zinazimwa, chenjiova inarudi I kupitia 0, breka zinawashwa, na jenereta inaachwa izunguke bila mzigo dakika chache ipoe kabla ya kuzimwa. Mtaa wa jirani ukiwa na stima na huu hauna, ripoti ipelekwe Kenya Power kwa nambari 97771, na kama kuna waya ulioanguka, hilo lisemwe kwanza kabla ya jina la mtaa.

Mwezi hadi mwezi jenereta iwashwe na kupewa mzigo kwa robo saa, hata kama stima haijapotea. Petroli inayokaa ndani ya kabureta miezi sita huacha gundi, na jenereta yenye gundi hugoma usiku ule ule inapohitajika.

Hatua hizo ziandikwe kwenye karatasi kwa lugha inayosomwa na kila aliye nyumbani, akiwemo kijana anayebaki na nyanya wakati wazazi wako kazini. Ibandikwe ndani ya kifuniko cha bodi, kwa herufi kubwa, kwa kuwa itasomwa kwa mwanga wa simu.